Dobutamini na Lasix kwenye waya mmoja: ule weupe ni nini, na sasa ufanyeje

Sista mmoja wa wodi ya wanawake huko Arua ameniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Habari dokta. Tulikuwa na mama amejifungua wiki chache nyuma, moyo umepanuka, mapafu yamejaa maji, presha iko chini. Ana kanula (kile kimrija cha plastiki cha kwenye mshipa) moja tu, mishipa imekataa. Dobutamini (dawa ya kuusaidia moyo kusukuma damu) inaenda kwenye glukosi 5%, daktari akapita raundi akaandika Lasix (ndo furosemidi, ya kutoa maji mwilini) miligramu 80 kwa mshipa. Nikadunga pale kwenye kimpira cha waya wa dripu, hapo hapo waya ukawa mweupe. Nikafunga. Mwenzangu akasema fungua, flashi na salaini (yaani sukuma maji ya chumvi kwenye waya) itapita tu. Nani alikuwa sawa? Na ni dawa gani za moyo zinaweza kupita pamoja na gani hapana? Alafu kuna mzee mwingine yuko kwa amiodaroni (dawa ya mapigo ya moyo yaliyovurugika), matone nahesabu vizuri kabisa lakini chupa inachelewa kuisha, mbona?"

Sista, wewe ndo ulikuwa sawa, na mwenzako umwambie pole pole asije akarudia hiyo kitu. Ule weupe si hewa na si dawa imekuwa nzito, ni furosemidi yenyewe imeshindwa kukaa ndani ya maji ikatoka ikawa chembechembe ngumu. Ukiflashi hujaziondoa, umezisukuma ndani ya mama, zinapita mkononi zinafika moyo upande wa kulia, na kutoka hapo kituo kinachofuata ni mapafu, yale yale mapafu yamejaa maji, ambako mishipa ni midogo mno na chembe zinakwama. Mtu mzima mwenye mapafu mazima anaweza kuvumilia kidogo bila wewe kujua, huyo mama wako hana akiba hiyo.

Ikitokea tena, na itatokea, kama si kwako basi kwa wale wa zamu ya usiku, usiguse kitu cha juu kwanza. Funga dripu, alafu chomoa waya pale pale unapoungana na kanula, si kule juu kwenye kimpira, sababu uchafu wote uko katikati ya hapo. Chukua sirinji tupu vuta kutoka kwenye kanula mpaka uone damu safi, hiyo uliyovuta unamwaga. Damu isiporudi hiyo kanula usiiamini tena, hata kama ni moja tu. Waya wote unatupwa, usijaribu kuuosha eti seti zimeisha stoo. Chupa ya dobutamini kama ni angavu na hakuna kilichorudi juu unaiwekea seti mpya unaendelea, na hapo fanya haraka kwa sababu nusu ya dobutamini mwilini inaisha kwa kama dakika 2 hivi, ukikaa dakika 10 unatafuta mkasi na plasta presha ya mama inashuka mbele yako. Alafu unamwangalia: anapumua vipi, oksijeni kwenye kidole inasoma ngapi, analalamika kifua? Daktari aambiwe na kwenye faili iandikwe, saa ngapi, dawa gani na gani, ulivuta nini. Akibadilika baada ya hapo kuna fomu ya NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda, ya madhara ya dawa, ijazwe, watu wanaiogopa bure kama vile ni barua ya kufukuzwa kazi.

Sasa kwa nini iligeuka. Furosemidi kwa asili haipendi maji, ni asidi dhaifu, kiwandani wanaifanya chumvi ya sodiamu na kuiweka kwenye maji ya alkali, pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka asidi inazidi) kama 8 mpaka 9.3, ndo inakubali kuyeyuka. Dobutamini yenyewe iko upande mwingine kabisa, pH inaanzia 2.5 na kupanda mpaka 5.5 hivi, na ile glukosi 5% uliyoichanganyia nayo ina uchachu wake, mara nyingi iko karibu na 4. Furosemidi ikishuka chini ya kama 5.5 inaanza kutoka kwenye maji. Kamua ndimu kwenye maji ya sabuni ya kufulia uone, yanapauka alafu vinaelea vipande vyeupe, na kikemia ni jambo lile lile, chumvi ya sodiamu imekutana na asidi imerudi kuwa kitu kisichoyeyuka. Ndo maana pia kama ni lazima furosemidi iende kwa dripu inachanganywa na salaini, si glukosi.

Ukishika hilo la pH umeshashika karibu nusu ya maswali yako. Dawa nyingi za moyo za kudunga ziko upande wa asidi: dobutamini, dopamini, adrenalini, noradrenalini, amiodaroni, labetaloli, milrinoni kwa wale wanaoipata. Upande wa alkali ni wachache lakini ndo wanaoleta fujo: furosemidi, sodiamu baikaboneti, na aminofilini kule bado wanaitumia. Mtu wa kundi hili asipite waya mmoja na mtu wa kundi lile, basi. Na hii inaenda hata nje ya dawa za moyo, kwa mfano kuna tabia nimeiona wodi nyingi ya kuvuta Lasix na metoklopramidi (ya kuzuia kutapika) sirinji moja ili mgonjwa adungwe mara moja, metoklopramidi ni ya asidi, inaganda. Midazolamu, ile ya kutuliza na kulaza, hivyo hivyo. Huruma ya kupunguza sindano naielewa lakini mgonjwa ana kanula jamani, hasikii sindano ya pili.

Walio upande mmoja wa asidi mara nyingi wanaelewana wakikutana njiani kwenye waya, dobutamini na noradrenalini, dobutamini na dopamini, noradrenalini na amiodaroni ikiwa zote ziko kwenye glukosi. Nasema wakikutana njiani, sisemi ndani ya chupa moja. Kwenye waya wanakaa pamoja sekunde au dakika chache, kwenye chupa wanakaa masaa, na chati za dawa zinatofautisha hayo mawili, ukisoma chati angalia inaongelea kipi. Angalia na ukali wa dawa pia, manake jedwali linaweza kusema sawa kwa miligramu 1 kwa mililita na wewe umedunga ampulu jinsi ilivyo, miligramu 10 kwa mililita, hapo hilo jedwali halikuhusu tena.

Na kukubaliana kikemia hakutoshi. Chukua noradrenalini inaenda pole pole mililita 5 kwa saa kwenye pampu, umeiunganisha na waya wa salaini. Mtu anakuja anaona presha 80 anafungua salaini yote. Noradrenalini yote iliyokuwa imejaa kwenye ule waya wa chini inaingia kwa mpigo, presha inaruka mpaka 200, alafu dakika chache baadaye inaanguka sababu waya sasa umejaa salaini tupu na pampu bado inasukuma kidogo kidogo. Hakuna weupe hapo, hakuna chembe, lakini umemyumbisha mgonjwa vizuri sana. Kwa hiyo dawa ya kupandisha presha ikiwezekana iwe na njia yake peke yake, na ule waya uwekewe plasta imeandikwa kwa kalamu nene NORADRENALINI USIDUNGE HAPA, karibu na mkono wa mgonjwa, si juu kwenye chupa ambapo anayedunga haangalii.

Zinazoniogopesha zaidi ni zile ambazo hazionyeshi kitu. Adrenalini ukiipitisha pamoja na baikaboneti huoni wingu, maji yanabaki angavu, ila alkali inaivunja na mgonjwa anapata dawa iliyopungua nguvu. Dobutamini, dopamini na noradrenalini nazo ziko hivyo. Fikiria mgonjwa anafanyiwa CPR, mnampa adrenalini miligramu 1, mmoja anapiga baikaboneti, mwingine anapiga kalsiamu glukoneti, wote kwenye kanula moja bila kuflashi katikati. Adrenalini inadhoofika, na kalsiamu ikikutana na baikaboneti inakuwa kalsiamu kaboneti, yaani chaki kabisa, kanula inaziba wakati mnaihitaji kuliko wakati wowote. Salaini mililita 10 hadi 20 baada ya kila dawa, hata kama kila mtu anapiga kelele.

Rangi nayo inasaidia kidogo. Adrenalini au noradrenalini ikiwa na rangi ya waridi au kahawia inatupwa, imeoza na hewa, na hii kwa huko kwenu kwenye joto wakati stoo haina feni inatokea kabla ya tarehe ya mwisho haijafika. Dopamini iliyobadilika rangi pia tupa. Dobutamini inaweza kuwa ya pinki kidogo ndani ya siku hiyo hiyo uliyoichanganya na bado ina nguvu yake, hiyo usiitupe kwa hofu, tupa ikipita masaa 24. Furosemidi ikiwa ya njano tupa, mwanga umeifikia.

Turudi kwa mama wako mwenye mshipa mmoja, sababu najua unasoma unasema haya yote mazuri lakini kanula ilikuwa moja. Watu watakwambia simamisha dobutamini, flashi, dunga Lasix, flashi, rudisha dobutamini. Kwa miligramu 20 hivi inawezekana. Sasa piga hesabu ya 80: furosemidi kipimo kikubwa haipigwi haraka kwa sababu inaweza kuharibu masikio, mwendo ni miligramu 4 kwa dakika usizidi, kwa hiyo 80 ni dakika 20. Dakika 20 bila dobutamini, dawa ambayo nusu yake inaisha kwa dakika 2, kwa mama ambaye presha yake imeshikwa na hiyo dawa. Hapana. Hapo huna suala la kuchanganya tena, una suala la kupata mshipa wa pili na hilo ndo la kumwambia daktari kabla hujavunja ampulu: "dokta hii haiwezi kupita pamoja na dobutamini, nahitaji njia nyingine." Angalia mkono mwingine, angalia ule mshipa wa nje wa shingo, mguu kwa muda kama hamna jinsi, muite mtu wa nusukaputi, hao jamaa wanapata mishipa ambayo sisi wengine hatuioni. Ukipata hata kanula ndogo ya pinki kwenye kiganja, hiyo mpe furosemidi, mshipa mzuri mkubwa ubaki na dobutamini. Noradrenalini ndo kabisa isiwekwe kwenye mshipa wa wasiwasi, ikivuja nje nyama inakufa.

Kama mgonjwa ana kateta ya shingoni (mrija mrefu unaoingia mshipa mkubwa) yenye midomo 3 mambo ni rahisi zaidi, kila mdomo una njia yake ndani na zinatokea sehemu tofauti, damu inakimbia pale inazichukua kabla hazijagusana. Kwa hiyo furosemidi mdomo mmoja, dobutamini mwingine, hakuna shida. Ila usije ukaunganisha midomo miwili kwa koki ya njia tatu huko nje ukasema si bado ni kateta ya midomo 3.

Dawa nyingine nitazipitia haraka. Heparini, ile ya kuzuia damu kuganda, haina shida na furosemidi wala na potasiamu kloraidi kwenye salaini, lakini na amiodaroni inaganda, na dobutamini majibu ya vipimo yanapingana kwa hiyo mimi nahesabu hapana. Jentamaisini (antibiotiki) na heparini hapana, hii watu wanasahau wanapofunga kanula kwa heparini alafu wanadunga jentamaisini bila kuflashi. Digoksini ukiipunguza ipunguze kweli, angalau mara 4 ya ujazo wake, ukiipunguza kidogo tu inaweza kutoka kwenye maji, na idungwe taratibu, dakika 5 au zaidi. Haidralazini ni salaini, glukosi inaiharibu na inabadilika rangi. Labetaloli isikutane na furosemidi wala baikaboneti, na hao mama wa presha ya uzazi waliojaa maji mapafuni mara nyingi wanaandikiwa vyote viwili kwa pamoja, labetaloli na Lasix, hapo kaa macho. Nitrogliserini kama mnaipata ujue plastiki ya PVC inainywa, waya wa kawaida unaweza kumeza asilimia 40 mpaka 80 ya dawa, ndo maana inawekwa kwenye chupa ya kioo na waya wake maalumu, na ukibadilisha aina ya waya katikati kipimo kinabadilika bila mtu kugusa pampu. Na seftriaksoni, antibiotiki ambayo si ya moyo lakini kila mgonjwa wetu anayo, isikutane na kalsiamu wala dripu ya Ringa, ambayo ina kalsiamu ndani, kwenye waya mmoja. Kwa kichanga wa siku 28 kushuka chini anayepewa kalsiamu kwa mshipa haitolewi kabisa, hata kwa mshipa mwingine, watoto walikufa kwa hilo.

Kuna swali hukuuliza lakini nalijua linakuja: si nichanganye kidogo kwenye sirinji nione kama inageuka? Ikigeuka umepata jibu, ni hapana. Isipogeuka hujapata jibu lolote, zingine zinasubiri lisaa ndo zinaanza, zingine zinaharibika bila kuonekana kama nilivyosema ya adrenalini. Muulize mfamasia wa hospitali, kama hayupo na chati haipo, kila dawa iende peke yake na salaini katikati. Isipokuwa kwenye waya uliojaa dawa ya presha, huo hauflashiwi kwa nguvu, unamsukumia mgonjwa dozi nzima, vuta kwanza kilichomo kwenye kanula ndo uflashi.

Haya, amiodaroni ya mzee. Kwanza hakikisha iko kwenye glukosi 5%, si salaini, na haijawa nyepesi mno. Isishuke chini ya miligramu 0.6 kwa mililita, yaani ampulu moja ya 150 kwenye chupa ya 500 ni makosa, ziwe ampulu 2 angalau kwa 500, au moja kwa 250. Ikipita miligramu 2 kwa mililita kwenye mshipa wa mkono inauchoma mshipa, hiyo ni ya kateta ya shingoni. Na kuflashi njia yake ni kwa glukosi hiyo hiyo.

Matone sasa. Hesabu yako haina kosa, kosa liko kwenye tone lenyewe. Ndani ya ampulu ya kawaida ya amiodaroni kuna kiyeyushi kinaitwa polisobeti 80, kimewekwa ili dawa ikubali maji, na kinapunguza ule mvutano wa uso wa maji kwa hiyo tone linadondoka kabla halijajaa. Seti yako imeandikwa matone 20 ni mililita 1, lakini kwa dawa hii matone 20 hayafiki mililita 1. Unahesabu 20 kwa dakika kama ilivyoandikwa, mgonjwa anapata pungufu, inaweza kufika pungufu kwa asilimia 30, na chupa iliyotakiwa kuisha saa kumi jioni unaikuta bado ina kitu hata baada ya saa kumi na mbili. Hata pampu zile zinazohesabu matone kwa kijicho zinadanganyika vile vile, za kusukuma kwa ujazo ndo ziko salama.

Kama pampu ya ujazo hamna, acha kuamini matone kwa dawa hii, amini chupa. Bandika plasta ndefu kwa urefu wa chupa, chora mistari ya kiwango kinachotakiwa kufikiwa kila saa, andika saa pembeni, alafu kila ukipita unaangalia maji yako wapi na kuongeza au kupunguza koki kufuatana na mstari. Kama kuna bureti (kile kichupa cha kupimia kwenye waya) ni nzuri zaidi, unaweka ujazo wa saa moja tu humo. Na ukikuta imechelewa usifungue kwa kasi ili ufidie kilichobaki, amiodaroni ikiingia haraka inashusha presha na kupunguza mapigo, rekebisha kuanzia hapo ulipo na umwambie daktari mzee amepata kiasi gani mpaka saa hiyo, yeye ndo aamue kama anaongeza.